Bomba la Chumba cha Juu

Jina la Masikio alipewa na wifi yake, na hakupewa kwa mapenzi. Wifi alikuja siku moja kumjulia hali mama yake, akamkuta mke wa kaka yake amesimama uani, shuka inachuruzika mikononi, shingo ameipinda kuelekea ukutani kama kuku aliyesikia mwewe. Akamwita, kimya. Akamwita tena, kimya. Ndipo akacheka kwa sauti: "Jamani, huyu mwili wote umekuwa masikio!" Majirani waliokuwa wakianika nguo ng'ambo ya ukuta wakacheka naye, na jina likashika. Majina ya kejeli hayahitaji gundi.

Alichokuwa akisikiliza ni bomba la maji.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, ya ghorofa moja, kuukuu na nyembamba kama kabati. Juu kulikuwa na chumba cha mama mkwe na choo chake. Chini kulikuwa na jiko, bafu, sebule isiyokaliwa na mtu, na kichumba alicholala Masikio. Nyuma kulikuwa na ua wenye karo la saruji, na hapo ndipo alipofua nguo za watu, maana ndiyo kazi iliyomlisha. Bomba la chuma lilitoka karoni, likapanda ukutani, likatoboa sakafu ya juu, likapita ubavuni mwa kitanda cha mama mkwe na kuingia chooni. Lilipakwa rangi ya ukuta ili lisionekane, kama mke asiyetakiwa sebuleni wageni wakija.

Mama mkwe alipopigwa na kiharusi, upande wa kushoto ulilala na sauti ikabaki ya kunong'ona. Daktari alisisitiza jambo moja: mgonjwa asilale chali akanyooka, mito imwinue wakati wote, kwa sababu akiteleza mate yatamwingia kwenye njia ya pumzi. Daktari hakusema ni nani atakayelaumiwa yakiingia. Hilo halikuhitaji daktari.

Wifi alileta kengele ya mezani, ikaangukia uvunguni siku hiyo hiyo. Akaleta simu, mama mkwe akaibonyeza akampata mtu asiyemjua, akamnong'oneza mpaka yule mtu akaingiwa na hofu akakata. Mwishowe bibi akajitungia njia yake mwenyewe. Alikuwa na ufunguo wa kabati la nguo, ambao hakumwachia mtu hata alipokuwa nusu maiti, na kwa mkono wake mzima akaugonga kwenye bomba. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kila pigo likilisubiri jingine. Chuma kikaubeba mlio hadi karoni, ukafika mzima kama ulivyotumwa. Kuanzia hapo Masikio akisikia ko, ko, ko, huacha kila kitu, povu hadi kwenye viwiko, na kupanda ngazi.

Na mumewe? Mumewe alikwenda kutafuta maisha. Aliyapata, akayaoa, akabaki nayo huko huko. Akamwacha mkewe kwa mama yake kama mtu anavyoacha mzigo kwa jirani, kwa maneno ya nitaupitia. Kwao Masikio wazazi walishatangulia, na mke wa kaka yake alikwisha kumwambia kwamba nyumba yao imejaa, hata panya wanalala kwa zamu.

Wifi aliyajua yote hayo, ndiyo maana alisema bila kupandisha sauti. "Wifi yangu, mimi si mtu wa maneno mengi. Mama akiita, uwe umefika. Siku atakayoita usifike, ufungashe."

Masikio aliitika, "Sawa, wifi." Na tangu siku hiyo hakufua nguo hata moja kwa moyo mtulivu.

Kisha bomba likaanza kuita lenyewe.

Ilianza asubuhi moja alipokuwa akisuuza. Ko-ko-ko. Akatupa nguo, akapanda mbio, akamkuta mama mkwe amelala usingizi mzuri, ufunguo uko kifuani. Akashuka. Hajashika vizuri nguo, ko-ko-ko, ko-ko. Akapanda tena. Bibi akafumbua jicho.

"Nini?" akanong'ona.

"Umeniita, mama."

"Sijakuita. Una nini wewe, unanivizia?"

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Bomba lilikaa kimya kitambo kirefu, mpaka mtu akasahau, kisha likagonga ukutani kama mtu aliyefungiwa ndani. Wakati mwingine lilianza haraka haraka, likaisha taratibu, na ule mwisho wa taratibu ndio uliompandisha Masikio ngazi, kwa kuwa ulifanana na ufunguo. Alipanda, akashuka, akapanda. Magoti yakavimba. Mama mkwe akachoka kuamshwa, maana usiku hakupata usingizi na mchana ndio aliolalia, akamwambia, "Ukija tena bila kuitwa nitamwambia binti yangu unataka kuniua kwa kunishtua."

Hapo ndipo Masikio alipoanza kuchagua. Alijifunza, au alidhani amejifunza, kuutambua mlio wa kweli na wa uongo. Ule wa haraka, bomba. Ule wa taratibu, mama. Akawa anasimama na mkono juu ya chuma, akihesabu nafasi kati ya pigo na pigo. Kila alipoamua kutopanda, alisuuza nguo ile ile mara mbili mbili mpaka alipomwona bibi tena yu hai.

Mchana mmoja mlio ulikuja wakati mikono yake imezama kwenye shuka nzito. Ko-ko. Ko. Ko. Akasema moyoni, ni bomba hili. Akamaliza kuikamua ile shuka. Akaining'iniza kwenye kamba. Kisha kitu kikamwambia nenda.

Mama mkwe alikuwa ameteleza kwenye mito, kichwa kimelala nyuma, midomo imeanza kugeuka rangi, na kooni mwake kulikuwa na sauti ya maji yanayokataa kushuka. Masikio alimwinua, akamlaza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja, mate yakatoka, na pumzi ikaingia kwa mlio wa kukwaruza. Walikaa wameshikana, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Wifi alipokuja, mama alimwambia. Alikuwa na haki ya kusema, hilo Masikio hakulipinga.

"Aliita, hukuja," wifi alisema.

"Nilidhani ni bomba, wifi. Bomba linagonga lenyewe. Muulize hata mama, amenifokea mara ngapi kwa kuja bure."

"Bomba." Wifi alilitamka neno kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Yaani wewe na bomba mmekula njama. Haya. Nitaleta fundi alinyamazishe. Likishanyamaza, tuone utasingizia nini."

Fundi alifika kesho yake, mtu mfupi mwenye tumbo lililotangulia na mfuko wa vyuma uliofuata nyuma. Watu wa mtaa walimwita Koki. Wifi naye alikuja, akasimama sebuleni na mkoba wake begani kama hakimu anayesubiri kesi ianze.

"Linagonga ukifungua maji au ukifunga?" Koki aliuliza.

"Hata nisiposhika bomba lolote linagonga," alisema Masikio.

"Bomba haligongi bila sababu, mama. Bomba si mtoto." Akamwomba afungue koki ya karoni, kisha aifunge ghafla. Puu! Ukuta ukajibu. "Umesikia? Maji yalikuwa yanakimbia, umeyafungia mlango usoni. Yanajigonga. Siku hizi presha imepanda mtaa mzima, wateja wangu wote wanalia. Sasa tumtafute anayefunga mlango wakati wewe hujagusa kitu."

Akatembea nyumba nzima akifungua na kufunga, sikio ukutani, mdomo wazi. Jikoni, hakuna. Bafu la chini, hakuna. Wakapanda. Kwenye chumba cha mama mkwe alivua kofia. "Shikamoo, mama. Tumekuja kumkamata mgomvi wako." Bibi alimtazama, akaubana ufunguo wake kiganjani kana kwamba yule mgeni amekuja kwa ajili yake.

Chooni Koki alifunua mfuniko wa tangi, akainama. Maji yalikuwa yakivuja polepole kuingia kwenye sinki la choo. Boya likashuka kidogo, maji yakaingia, boya likapanda, likacheza juu ya mawimbi yake mwenyewe, likifunga na kufungua, kufunga na kufungua. Na bomba kando ya kitanda likaitikia: ko-ko-ko, ko-ko. Ko. Ko.

Masikio aliutambua. Ule mwisho. Ule ule.

"Ndiye huyu!" Koki alipiga makofi. "Boya limezeeka, mpira wa chini umechakaa. Na tazama bomba lenyewe, vibano vimelegea, linacheza ukutani kama jino la mtoto."

"Linanyamaza au halinyamazi?" wifi aliuliza.

"Dada, nitalinyamazisha hata likililiwa msiba halitainua kichwa."

Alimtuma Masikio barabarani, kwenye mita, afunge koki kubwa na akae hapo hapo mpaka aambiwe afungue. Masikio akachuchumaa kando ya mita jua likimchoma mgongoni, akisikia kutoka dirishani msumeno wa chuma ukilia, kisha nyundo, kisha Koki akiimba. Alimwomba mke wa kinyozi wa jirani amshikie zamu apande mara moja kumwangalia mama. "Wifi yako yuko juu," yule mwanamke alimjibu, "mwache naye aone mama yake anafananaje." Wakacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu bomba lianze.

"Fungua!" Koki alipaza sauti.

Waliijaribu kazi ile kwa bidii. Koki alifungua na kufunga kila mahali: karoni, jikoni, bafuni. Aliflashi choo mara kadhaa, tangi likajaa, likafunga kimya kama mtu mwenye adabu. Kipande cha bomba kilichopita kwenye sakafu alikuwa amekikata kwa sababu ya kutu, akaweka cha plastiki mahali pake, na kwenye kila kibano akavika mpira. Alieleza hayo yote, akionyesha kwa kidole, na wifi na Masikio wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakasimama uani wakisikiliza. Hakuna kitu. Koki akatabasamu kwa ajili ya kazi yake, Masikio kwa ajili ya magoti yake, na wifi kwa ajili ya jambo alilolijua mwenyewe.

Walijaribu kila kitu. Ufunguo wa mama mkwe hakuna aliyekumbuka kuujaribu. Watu walioishi na wito ule miaka yote, kila siku, waliuona kama sauti ya mama mwenyewe, kitu kinachotoka kwake na kufika. Nani anayejaribu sauti ya mtu?

"Sasa wifi," wifi alisema akiondoka, "kelele hakuna tena. Likigonga, ni mama."

"Ni mama," Masikio aliitika.

Asubuhi ya kesho yake alifua kama mtu aliyetolewa mwiba. Alifua mashuka, akafua suruali za kinyozi, akasuuza bila kusimama katikati. Alikuwa amempa mama uji, amempanga kwenye mito, amemfuta uso. Sasa hakuna la kukisia. Akiitwa atasikia, asipoitwa atafanya kazi. Hata ndege aliwasikia, akajua kumbe wapo.

Kisha kimya kikaanza kumwelemea.

Hakujua kilianzia wapi. Alikuwa akipiga sabuni kwenye kola ya shati, akajikuta amesimama. Mama mkwe si mtu wa kukaa muda huu wote bila kuita. Hata akiwa hana shida huita ili pazia livutwe, na likishavutwa huita lirudishwe. Masikio akaweka kiganja juu ya bomba. Baridi, na tuli. Akajisemea: amelala. Ukipanda utamwamsha, atamwambia binti yake. Akarudi kwenye kola. Akaisugua mahali pale pale mpaka uzi ukaanza kutoka. Zile kelele alizozilaani zilikuwa zinampandisha ngazi kila mara, za kweli na za uongo, na kila alipopanda alimwona mama anapumua. Leo hakuna cha kumpandisha.

Aliliacha shati likazama. Ngazi alizipanda kwa mikono na miguu.

Mlangoni alisikia kwanza: tk, tk. Mlio mdogo, mkavu, kama wa mjusi kwenye dari. Mama mkwe alikuwa amening'inia nusu kitandani nusu nje, kichwa chini, mito imetawanyika sakafuni, uso umeiva kwa damu iliyoshukia kichwani na mishipa imesimama. Mkono wake mzima ulikuwa bado unagonga bomba. Rangi ya bomba ilikuwa imebanduka mahali pale, chuma kikionekana kipya, na kucha mbili zilikuwa zinavuja damu. Alikuwa ameita, ameita, ameita.

Masikio hakumbuki alivyomwinua. Anakumbuka uzito, na harufu ya uji uliotapikwa, na kidole chake mwenyewe kinywani mwa mama kikitoa kilichokwama. Anakumbuka alivyokuwa akisema, "Pumua, mama, pumua, usinifanyie hivi," kama vile bibi angekufa kwa kumkomoa. Pumzi ikaja. Ikakatika. Ikaja tena.

Bibi alipopata nguvu ya kunong'ona, alinong'ona neno moja.

"Nilikuita."

"Sikusikia, mama. Naapa sikusikia."

Mama mkwe alimtazama, na yale macho Masikio aliyajua. Ni macho ya mtu aliyelala akimtegemea adui. Kwa kitambo kirefu kile, kichwa kikiwa chini, bibi alikuwa akijiambia kwamba mkwe wake yuko pale chini, anasikia kila pigo, na ameamua kutopanda.

Masikio alimpigia wifi simu yeye mwenyewe. Angeweza kunyamaza, lakini kucha za mama zingesema.

Wifi alifika na majirani wakasogea kwenye madirisha yao. Hakuuliza mengi. Alimshika mama yake mkono, akaziona kucha, na mama akanong'ona, "Nimeita mpaka nimechoka. Hakuja."

"Fungasha," wifi alisema.

"Wifi, nisikilize."

"Nimekusikiliza siku nyingi. Ulisema bomba, nikaleta fundi. Leo utasema nini, ukuta? Fungasha kabla sijakufungashia."

Masikio aliona barabara, kifurushi, mlango wa kaka yake ukifunguliwa nusu. Lakini juu ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine iliyoizidi: akiondoka leo, atakayekuja kesho atakaa pale karoni akisubiri wito usiofika, na mama atakufa akiamini kila mtu amemkataa.

"Nitaondoka," alisema. "Lakini kwanza nenda kasimame karoni. Mimi nitagonga hapa mbele ya mama. Ukisikia mlio mmoja tu, ukirudi utanikuta na kifurushi kichwani."

"Sina muda wa michezo."

"Kama ni mchezo, utaisha haraka."

Mama mkwe alisogeza kidole. Nenda. Wifi akasonya, akashuka, viatu vyake vikilia kwa kila ngazi.

Masikio alipiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono. Ilichukua muda. Kisha bibi akafumbua kiganja, akampa ufunguo. Masikio akagonga. Tk. Tk. Tk. Akagonga kwa nguvu zaidi. Akachukua kiatu kilichokuwa uvunguni, akagonga kwa kisigino, mkono mzima, jasho likimtoka, na mama mkwe akihamisha macho kutoka kwenye bomba hadi usoni pake, kutoka usoni hadi kwenye bomba. Kisha wakangoja.

Viatu vikapanda. Wifi akatokea mlangoni, uso umekunjamana.

"Mbona hamgongi?" akasema. "Nimesimama pale mpaka miguu inauma. Mnanichezea?"

Masikio alikuwa bado ameshika kiatu hewani. Wifi akakiona, akaiona rangi iliyobanduka na vumbi lake jipya sakafuni, akakitazama kile kipande cheupe cha plastiki kinachoingia kwenye sakafu, ambacho jana alionyeshwa akaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe alianza kulia. Kilio chake hakikuwa na sauti, ni bega moja tu lililotikisika. Akaukamata mkono wa Masikio kwa zile kucha zake, akaung'ang'ania kama mtu anayevutwa na maji.

"Usishuke," alinong'ona.

"Sishuki, mama." Kisha akakumbuka nguo za watu zilizoachwa zimelowa karoni, na lile shati la kinyozi chini ya povu, na kwamba asipozimaliza leo hakuna atakayemletea nyingine. Akamgeukia wifi. "Mpaka Koki arudi na bomba la chuma, lazima mtu akae hapa. Kaa wewe. Mimi nina nguo."

Siku nyingine wifi angemjibu neno ambalo mtaa ungelirudia wiki nzima. Leo alivuta kigoda, akakaa. Masikio akaokota mito, akaipanga mgongoni mwa mama mmoja mmoja, akamwonyesha wifi pa kushika akiteleza na upande wa kumlaza. Wifi alikuwa akiitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kifua cha mama yake, ambacho kilipanda, kikasimama, kikakaa hivyo muda mrefu, ndipo kikashuka kwa mkwaruzo.

Masikio alikuwa amefika mlangoni.

"Wifi," wifi aliita nyuma yake, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Anapumua hivi siku zote?"

"Siku zote."

Wifi aliuweka mkoba sakafuni bila kuutazama, akasogeza kigoda karibu na kitanda, na hakuthubutu hata kupepesa macho.